Yatima wa Napoli Walivyofundishwa Kubuni Muziki Papo kwa Papo

Mwaka 1770 Mwingereza Charles Burney, aliyekuwa akizunguka Ufaransa na Italia kukusanya habari za historia ya muziki, alitembelea chuo cha Sant'Onofrio mjini Napoli. Alichokikuta ni kelele. Chumba kimoja cha mazoezi kilikuwa na hapsikodi saba au nane, vile vinanda vya nyuzi vilivyotangulia piano, na fidla nyingi kuliko hizo, na waimbaji juu yake. Kila mtoto na wimbo wake, katika ufunguo wake. Vitanda vya kulalia vilikuwa humo humo, na wapiga vinanda walivikalia. Burney alikubali kwamba fujo ile huenda ilimzoesha mtoto kushikilia sehemu yake bila kuyumba, lakini hakuona jinsi mtu angeweza kujifunza humo kupiga kwa unadhifu.

Hata hivyo, ni katika vyumba vya namna hiyo walikotoka watunzi waliogombewa na majumba ya opera kuanzia London hadi St. Petersburg.

Napoli ilikuwa na nyumba nne kama hiyo ya Sant'Onofrio. Santa Maria di Loreto ilianzishwa mwaka 1537, na nyingine tatu zikafuata kabla karne ya 16 haijaisha. Zote zilikuwa za kulea yatima na watoto wa mafukara. Muziki uliingia baadaye, kama ufundi wa kumpatia mtoto riziki na kuiingizia nyumba fedha, kwa kuwa watoto walikodishwa kuimba kwenye mazishi na maandamano ya kidini. Domenico Cimarosa, baba yake mwashi na mama yake mfua nguo, alisomea Santa Maria di Loreto. Mwaka 1792 opera yake ilichezwa Vienna mbele ya mfalme mkuu Leopold II.

Ufundi wenyewe wa kubuni muziki ulianzia mkono wa kushoto. Mwalimu alimpa mtoto partimento, yaani mstari mmoja tu wa besi, mara nyingi bila hata tarakimu za kuonyesha sauti zipi ziwekwe juu. Mkono wa kulia ulipaswa kuyabuni yaliyobaki hapo hapo kwenye kinanda.

Ili asibahatishe, alifundishwa kwanza miisho ya muziki, kisha kanuni ya oktava. Besi ikipanda skeli kutoka do hadi do, kila hatua ina kordi yake iliyozoeleka. Ikifika fa ikielekea sol, vidole vinaweka la, do na re. Lakini besi ikishuka kutoka sol na kuikanyaga fa ile ile, juu yake zinakaa sol, si na re. Kwa hiyo haitoshi kuijua nota uliyopo. Lazima ujue umetoka wapi na unakwenda wapi. Mtoto aliyerudia kanuni hiyo katika funguo zote kwa miaka alikuwa kama malenga ambaye mizani na vina vimeshamkaa, akili yake ikabaki huru kutafuta la kusema.

Mwalimu aliyetajwa zaidi ni Francesco Durante (1684–1755). Watunzi Pergolesi, Piccinni na Paisiello walipita mikononi mwake. Fedele Fenaroli, naye mwanafunzi wake, alichapisha kanuni hizo mwaka 1775 katika kitabu chembamba mno, kwa sababu maelezo mengi yalibaki mdomoni mwa mwalimu. Mwaka 1782 Paisiello, akiwa mtumishi wa ikulu ya Urusi, alichapa kitabu chake cha partimento kwa ajili ya Maria Feodorovna, mke wa mrithi wa ufalme. Ufundi wa yatima ulikuwa umefika kwa wenye mataji.

Wakati huo Ufaransa walikuwa na njia nyingine. Mtunzi Jean-Philippe Rameau, katika kitabu chake cha mwaka 1722, aliichukua kordi kama kitu kinachojitegemea: do-mi-sol ni ile ile hata mi ikiwekwa chini. Ni fikra nzuri, na ndiyo iliyoshika mizizi shuleni. Lakini kumweleza mtu kordi inaitwaje hakumwambii vidole viende wapi baada yake. Chuo cha muziki cha Paris, kilichoanzishwa mwaka 1795, kiliendelea kutumia besi za mtindo wa Napoli, ila polepole zikawa zoezi la kuandika sauti nne kwenye karatasi. Binafsi naona hapo ndipo wanafunzi wengi wa piano walipoanza kuogopa kupiga bila nota mbele yao.

Hata hivyo, nyuzi za mapokeo ya Napoli hazikukatika zote. Mtunzi wa opera Verdi, aliyekataliwa na chuo cha muziki cha Milan mwaka 1832, alifundishwa na Vincenzo Lavigna, mwanafunzi wa Fenaroli.

Daftari nyingi za zamani zimehifadhiwa katika maktaba ya San Pietro a Majella, chuo kilichorithi zile nyumba nne. Watafiti Robert Gjerdingen na Giorgio Sanguinetti, kwa vitabu vyao vya mwaka 2007 na 2012, wamewarudisha wapiga piano wengi kwenye besi hizo. Katika baadhi ya partimento zake Durante aliandika vipande vifupi vya mkono wa kulia, mapambo ya kuanzia tu. Vikiisha, ukurasa unabaki na besi peke yake, na mpigaji wa leo anaachiwa kazi ile ile aliyoachiwa mtoto wa Napoli.