Almasi na Kioo cha Darubini

Ewe msomaji, upitapo Kibera au Kawangware katika mji wa Nairobi, mtazame fundi wa madirisha akikata kioo. Hukwaruza mstari mmoja kwa chombo chenye ncha ngumu, akakivunja kioo kwa mikono, kisha akasugua ukingo wake kwa kinoo na maji. Kanuni yake ni moja: kigumu hukila kilicho laini. Kwa kanuni hiyo hiyo wanadamu wametengeneza vioo vya kutazamia nyota.

Mwaka 1668 Isaac Newton alitengeneza darubini ambayo kioo chake kilikuwa cha shaba na bati. Katika miaka ya 1850 Léon Foucault, Mfaransa, akatumia kioo halisi kilichopakwa fedha. Tangu hapo kazi kubwa ikawa ni kusaga. Kioo cha Palomar, huko Marekani, chenye upana wa meta 5 hivi, kilimiminwa mwaka 1934 na kumalizika mwaka 1947, baada ya kukatizwa na vita. Kilisagwa kwa unga mgumu uliochanganywa na maji.

Baadaye almasi ikaharakisha kazi hiyo. Nyingi zilichimbwa katika Afrika yetu: Bakwanga katika Kongo, mji uitwao leo Mbuji-Mayi, na Mwadui katika Tanganyika, ambako John Williamson aligundua mgodi mwaka 1940. Almasi za Bakwanga hazikufaa sana kwa pete. Zilikwenda kusaga vioo na vyuma katika viwanda vya ng'ambo. Mwaka 1954 Wamarekani wakaweza kutengeneza almasi kwa joto na mgandamizo mkubwa.

Lakini almasi nayo ina matata yake. Chembe zake hushikwa katika shaba juu ya gurudumu. Huenda siku moja gurudumu likateleza tu bila kusaga, na kioo kikapata moto. Asiyejua hukandamiza zaidi, na kioo hupasuka. Kumbe chembe za juu zimekuwa butu, na unga wa kioo umeziba nafasi baina yake. Dawa ni kulisugua gurudumu kwa kinoo laini, shaba iliwe kidogo, chembe mpya zitokeze. Na maji yatiririke daima, yapoze na kuosha. Ukingo ukimeguka, upunguzwe ukali wake kwanza, ndipo kazi iendelee.

Hatari kubwa kuliko zote haionekani. Almasi nene huacha nyufa ndogo chini ya uso wa kioo. Basi kila unga mwembamba unaofuata hauna budi kusaga mpaka chini ya nyufa hizo, si kufuta mikwaruzo ya juu tu. Afanyaye haraka hugundua kosa wakati wa kung'arisha, naye hulazimika kurudi mwanzo.

Almasi zetu ziliondoka kwa meli, lakini maarifa haya hayahitaji mgodi. Yahitaji kioo, maji, mkono mtulivu na macho yasiyodharau dosari ndogo. Na mikono ya namna hiyo, msomaji, umekwisha kuiona Kawangware.