Mutumbula na Mungu wa Mpira: Ubishi wa Mashabiki juu ya Maana ya "Kuujua Mpira"

Mangobo ni mojawapo ya komini sita za mji wa Kisangani, mji ambamo Kiswahili na Kilingala huishi pamoja. Katika mazingira kama hayo, mashabiki wanapolinganisha wachezaji, ubishi wao aghalabu huhusu maneno kuliko mabao. Hata jina la mchezo lina historia yake. Mpira kwa Kiswahili, na ndembo kwa Kilingala, ni majina ya mali ileile iliyotoka msituni na kuwatesa wenyeji wa bonde la Kongo katika enzi ya Leopold II (1885-1908).

Mfano bora hupatikana katika timu ya Zaire iliyotwaa Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri mwaka 1974. Ndaye Mulamba alifunga mabao 9, idadi ambayo haijafikiwa na mchezaji mwingine katika mashindano ya mwaka mmoja. Fainali dhidi ya Zambia iliisha kwa sare ya 2-2, ikarudiwa na Zaire ikashinda 2-0. Mabao yote manne yalikuwa yake. Mashabiki walimwita Mutumbula. Katika masimulizi ya enzi ya ukoloni, hasa Katanga, mutumbula ni mchinjaji wa usiku anayeteka watu. Kitenzi chake ni ndugu wa kutumbua, yaani kupasua. Jina la hofu likageuzwa kuwa sifa.

Mwenzake, Kakoko Etepé, aliitwa kwa Kifaransa "Dieu de ballon", Mungu wa mpira.

Majina hayo mawili yanabeba vipimo viwili. Anayedai kwamba Ndaye ndiye aliyeujua mpira, kwake kujua ni kumaliza kazi langoni. Anayemtetea Kakoko, kwake kujua ni ufundi wa miguu. Hawabishanii yaliyotokea uwanjani, bali maana ya kitenzi kimoja.

Hata hivyo, sifa hazikumhifadhi mwenye jina. Mwaka 1998, katika mashindano ya Burkina Faso, watu walisimama kimya kumwombolezea Ndaye, ilhali alikuwa hai Afrika Kusini, akiishi kwa dhiki. Alifariki mwaka 2019. Wakati wabishi wakipima maana ya ukubwa wake, aliyebishaniwa alikuwa amekwisha kuhesabiwa marehemu.