Habari za Chemchemi za Maji Moto

Sisi tukaao Kiboriloni twayajua sana maji ya mlimani, yale ya baridi yaletwayo na mifereji tuliyorithi kwa wazee wetu. Lakini mtu akipita Moshi, akashika njia ya Arusha mpaka Boma Ng'ombe, kisha akageuka kusini, hufika Rundugai, penye maji ya namna nyingine. Mahali hapo huitwa Chemka. Jina hilo humfanya mgeni adhani ataona maji yatokotayo. Kumbe ni vuguvugu tu, tena safi sana, yakitoka chini ya ardhi penye mizizi ya mikuyu.

Siku hizi wageni wa nchi nyingi huja kuogelea huko, na wengine husema yafaa pajengwe pawe mahali pa mapumziko na afya. Je, shauri hilo ni jema? Na tutazame mambo ya waliotutangulia.

Katika nchi ya Ankole, Uganda, ziko chemchemi mbili za Kitagata. Moja huitwa Ekyomugabe, kwa sababu Omugabe, mfalme wa nchi, alioga hapo. Ya pili watu wameiita Mulago, kwa jina la hospitali kubwa ya Kampala, kwa kuwa wagonjwa huiendea wakitumaini kupona. Ndiyo kusema, maji yale yalitafutwa na mfalme, na mtu asiye na kitu huyatafuta vilevile.

Huko Uingereza uko mji uitwao Bath, maana yake kuoga. Warumi walijenga nyumba za kuogea hapo zaidi ya miaka 1900 iliyopita, na katika karne ya 18 mji ukatajirika kwa wageni. Lakini mwaka 1978 msichana aliyeogelea katika maji yale alikufa, kwa kijidudu kikaacho katika maji ya vuguvugu, kiingiacho puani na kushika ubongo. Kuoga kukakatazwa. Ikawa lazima kuchimba visima virefu ili kupata maji safi, na nyumba mpya ya kuogea ikafunguliwa mwaka 2006. Miaka 28 ilikuwa imepita.

Basi, sifa ya chemchemi hujengwa kwa miaka mingi, ikavunjika kwa siku moja. Atakaye kuijenga Chemka na aanze kwa kupima maji, kabla ya kupaka kuta rangi. Mikuyu isikatwe. Maji machafu yasirudishwe mtoni, maana mto Kikuletwa huenda mpaka Nyumba ya Mungu, na wengi huutegemea njiani. Tena kiingilio kisiwe kikubwa hata mtoto wa Rundugai asimame nje ya ua, akiwatazama wageni wakioga katika maji ya kwao.