Msalaba Mwekundu katika Barabara za Shaba

Tarehe 8 Mei, siku aliyozaliwa Henry Dunant, ni siku ya Msalaba Mwekundu duniani kote. Kwetu katika mkoa wa Lualaba, Kongo, ni siku ya kuwashukuru wanaojitolea: watu wasio na mshahara ambao gari likipinduka usiku, huacha vitanda vyao na kwenda kuokoa wasiowajua.

Dunant, mfanyabiashara wa Geneva, aliwakuta majeruhi wa vita vya Solferino mwaka 1859 wamelala bila wa kuwahudumia, akawaomba wanavijiji wamsaidie. Mwaka 1863 wakakaa watu watano na kuunda kamati iliyozaa Msalaba Mwekundu. Jina la Msalaba Mwekundu liliingia Kongo mwaka 1888, enzi za Mfalme Leopold wa Pili, likakaa chini ya Wabelgiji hadi uhuru. Mwaka 1963 chama cha Wakongo wenyewe kikatambuliwa na kamati hiyo ya Geneva. Miaka miwili baadaye, huko Vienna, vyama vyote vikapitisha kanuni saba. Mojawapo ni kujitolea bila kutafuta faida.

Kwetu, kujitolea huko kunahitajika zaidi barabarani. Zamani shaba ya Kolwezi, mji wa Lualaba, ilisafiri kwa reli. Reli ilipochakaa, mzigo ukahamia barabarani. Kutoka Kingamyambo, karibu na Kolwezi, penye mabaki ya madini ya miaka mingi, kupita Tenke na Likasi hadi mpaka wa Kasumbalesa, malori hupeleka shaba na kobalti, na kurudi na chokaa, mafuta na asidi. Njia ni hiyo hiyo ya mabasi, pikipiki, wachuuzi na watoto wa shule.

Tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka Sange, Kivu ya Kusini. Watu walikimbilia kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya 200 wakafa, wengine wakiwa wanatazama mechi ya Kombe la Dunia. Waliojitolea ndio waliokusanya miili na kuizika. Kisha ikaja zamu ya Lualaba: tarehe 20 Februari 2019, lori la asidi ya salfa liligongana na basi katika barabara ya Lubumbashi na Kolwezi. Asidi ikawamwagikia abiria waliobanwa ndani. Watu wapatao 20 walipoteza maisha.

Ajali za namna hiyo zina mafunzo yake. Kwanza matawi mabichi hutandazwa barabarani, mbali pande zote mbili, ili gari jingine lisivamie. Mwokoaji husogea kutoka upande unakotoka upepo, asivute mvuke. Aliyemwagikiwa asidi huvuliwa nguo na kumwagiwa maji mengi, tena kwa muda mrefu. Anayetoka damu hukandamizwa kitambaa safi bila kukiachia. Anayeshukiwa kuumia shingo havutwi mkono. Mmoja humshika kichwa, wengine humpandisha kwenye machela kwa pamoja.

Maarifa haya si siri, wala si ya kuachiwa wachache. Kila dereva wa basi na wa pikipiki angefaa kuyajua, na kila kampuni inayopitisha sumu mbele ya nyumba zetu ina wajibu wa kugharamia machela, glavu, maji na mafunzo ya vijiji vya njiani. Waliojitolea wametoa mikono yao. Wanaofaidika na barabara hii watoe vifaa.