Moshi na kinga ya mapafu dhidi ya virusi

Hewa chafu hudhoofisha uwezo wa mapafu kujikinga na virusi. Moshi wenyewe haumwambukizi mtu influenza. Hulegeza ulinzi, na virusi ambavyo vingezuiwa mapema vikapata nafasi ya kuenea.

Njia ya hewa imetandwa ute. Chini yake kuna silia, vinyweleo visivyoonekana kwa macho, ambavyo huusukuma ute huo kuelekea kooni pamoja na vumbi na vijidudu vilivyonasa. Ozoni na naitrojeni dioksidi, gesi inayotoka kwa wingi kwenye magari, huchubua utando huu na kulegeza maungio ya seli zake. Chembe zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5 hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa, ambako silia hazipo. Huko usafi hutegemea makrofaji, seli zinazomeza kila kitu kigeni. Tatizo ni kwamba masizi hayayeyuki: seli iliyoyameza hukaa nayo, na kadiri inavyojaa ndivyo inavyozidi kushindwa kumeza vijidudu vipya, mithili ya mlinzi aliyebebeshwa mizigo ya wageni. Majaribio ya maabara yameonyesha pia kwamba moshi wa dizeli hurahisisha virusi vya influenza kuingia kwenye seli za njia ya hewa, na kwamba chembe za moshi zinaweza kupunguza interferoni, kemikali ambayo seli iliyoambukizwa huitoa kuzitahadharisha jirani zake.

Historia inaafiki. Katika janga la influenza la 1918, miji ya Marekani iliyochoma makaa ya mawe kwa wingi kuzalisha umeme ilipoteza watu zaidi. London ilifunikwa na ukungu wa moshi tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952. Vifo kama 4,000 vilihusishwa nao, lakini vile vya miezi iliyofuata serikali ilivipachika influenza. Watafiti waliorudia hesabu hizo baadaye walikadiria jumla ya vifo 12,000 hivi. Kuulizana kama muuaji alikuwa moshi au virusi ni kukosea swali, maana viwili hivyo husaidiana.

Afrika Mashariki moshi mzito zaidi huwa jikoni, na anayeuvuta ni mama pamoja na mtoto aliye mgongoni. Utafiti wa Laikipia, Kenya, uliochapishwa 2001, ulionyesha kwamba hatari ya maambukizi ya njia ya hewa hupanda kwa kasi moshi ukiwa bado kiasi, kisha hupanda polepole unapozidi mikrogramu 1,000 hadi 2,000 kwa kila mita ya ujazo. Maana yake ni kwamba jiko lililojaa moshi likipunguziwa nusu, faida huwa ndogo. Huenda ndiyo sababu majiko yaliyoboreshwa hayakupunguza nimonia ya watoto nchini Malawi. Nchini Guatemala, majiko yenye dohani yalipunguza nimonia kali kwa takriban theluthi moja, ingawa si nimonia kwa jumla. Hata gesi ya kupikia, iliyojaribiwa Rwanda, India, Peru na Guatemala, haikupunguza nimonia kali ya watoto wachanga kwa kiwango cha kuridhisha, japo moshi ulishuka sana.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango linachopendekeza cha wastani wa mwaka cha chembe zisizozidi mikromita 2.5 kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo. Jiko la kuni, hata likiitwa bora, haliwezi kukifikia.