Mfalme Mwovu, Mfalme Mwema: Yuryaku wa Japani katika Historia na Masimulizi

Miongoni mwa wafalme wa kale wa Japani, Yuryaku ndiye anayemtatiza mhakiki zaidi. Katika orodha rasmi ya ukoo wa kifalme yeye ni wa 21, na utawala wake umewekwa kati ya mwaka wa 456 na 479. Kitabu kinachosimulia maisha yake kinasema kwamba watu walimwita mfalme mwovu kupindukia. Kitabu hicho hicho, katika habari za miaka miwili tu baadaye, kinasema kwamba watu walimsifu kuwa mfalme mwenye maadili. Aidha, diwani kongwe ya ushairi wa Kijapani inafunguliwa kwa utungo wa mapenzi unaodaiwa kuwa wake. Je, huyu ni mtu mmoja, au ni watu watatu waliovikwa jina moja?

Swali hili haliwezi kujibiwa kabla ya kuvizingatia vitabu vyenyewe. Kojiki kilikamilika mwaka wa 712 kwa mkono wa O no Yasumaro, aliyeyaandika yale yaliyokuwa yamehifadhiwa kichwani na Hieda no Are. Nihon Shoki kilifuata mwaka wa 720, kikiwa na majuzuu 30, chini ya usimamizi wa mwanamfalme Toneri. Vyote viwili viliandikwa kwa amri ya jumba la kifalme. Kwa hiyo, kati ya kifo cha Yuryaku na masimulizi ya kwanza yaliyosalia ya maisha yake pana zaidi ya miaka 230. Hata jina lenyewe hakulijua: 'Yuryaku' ni jina la heshima kwa mtindo wa Kichina alilopewa katika karne ya 8. Alipokuwa hai aliitwa Wakatakeru, na wala hakuwa tenno, cheo kilichoanza kutumika baada yake, bali alikuwa Mfalme Mkuu.

Ingekuwa rahisi basi kumweka pamoja na mashujaa wa ngano na kumwachia huko, kama si upanga mmoja. Mwaka wa 1968, katika kaburi la kilima la Inariyama, mkoani Saitama, ulifukuliwa upanga wa chuma ulioliwa na kutu. Miaka kumi baadaye, katika kazi ya kuuhifadhi, ulipigwa eksirei, na chini ya kutu zikaonekana alama 115 za maandishi ya Kichina zilizopachikwa kwa dhahabu. Mwenye upanga, aitwaye Owake, anataja nasaba yake ya vizazi vinane, kisha anasema kwamba alimtumikia Mfalme Mkuu Wakatakeru alipokuwa katika jumba la Shiki, akamsaidia kuitawala dunia. Mwaka uliotajwa humo wataalamu wengi wanaukubali kuwa 471, ingawa wapo wanaousogeza hadi 531. Upanga mwingine, uliopatikana Eta Funayama huko Kyushu mwaka wa 1873, ulikuwa umesomwa kuwa wa mfalme tofauti kwa sababu maandishi yake yalichakaa. Baada ya ugunduzi wa 1978 ulisomwa upya, na jina likawa lile lile. Yaani mashariki mwa nchi na magharibi yake, watu wenye silaha walijivunia kumtumikia mtu mmoja.

Ushahidi wa tatu unatoka China. Historia ya nasaba ya Song, iliyotungwa na Shen Yue mwaka wa 488, inahifadhi barua ya mwaka wa 478 kutoka kwa mfalme wa Wa aitwaye Bu, ambaye wataalamu wengi wanamtambua kuwa ndiye Wakatakeru. Barua inadai kwamba wahenga wake, wakiwa wamevaa deraya na bila kupumzika, walizitiisha nchi 55 za mashariki, 66 za magharibi na 95 za ng'ambo ya bahari. Inalalamika kwamba Koguryo imeziba njia. Mfalme huyo aliomba atambuliwe kuwa mkuu wa nchi saba, Baekje ikiwamo. Song ikamkubalia sita na kuiondoa Baekje. Mhakiki atatambua mara moja kwamba hii nayo ni fasihi: ni nathari ya Kichina iliyopangwa kwa sentensi sambamba, na hesabu zake ni za majigambo. Lakini ni majigambo ya wakati wake, si ya wajukuu.

Kuwapo kwake, basi, hakuna shaka. Tabia yake ndiyo inayobaki mikononi mwa wasimulizi, na hapa ndipo kazi ya mhakiki inapoanza.

Masimulizi ya kutwaa kwake madaraka yana nguvu ya tanzia. Kaka yake, mfalme Anko, alikuwa ameamini fitina, akamuua ndugu mmoja wa ukoo na kumwoa mjane wake. Siku moja Anko akamweleza mkewe hofu yake kwamba mtoto wa marehemu, Mayowa, akikua atalipiza kisasi. Mtoto, aliyekuwa na umri wa miaka saba, alikuwa akicheza chini ya sakafu ya jumba hilo la nguzo. Alisikia kila neno. Mfalme alipolala, mtoto alimuua, akakimbilia nyumbani kwa Tsubura, mkuu wa ukoo wa Katsuragi. Wakatakeru, kijana bado, akawaendea kaka zake wawili na kuwauliza wafanye nini. Walipoonekana kutojali, akawaua. Kwa mujibu wa Kojiki, mmoja alikatwa upanga na mwingine alifukiwa akiwa amesimama hadi macho yakamtoka. Kisha akaizingira nyumba ya Tsubura. Mzee huyo alimtoa binti yake na mashamba yake, lakini mtoto hakumtoa: mwanamfalme aliyekuja kujisitiri kwa mtumishi hawezi kusalitiwa na mtumishi huyo. Mishale ilipoisha, alimuua mtoto kwa ombi la mtoto mwenyewe, akajiua.

Yafaa kuangalia jinsi vitabu viwili vinavyotofautiana juu ya tukio hili. Katika Nihon Shoki, mmoja wa kaka hao hauawi nyumbani, bali anakimbia pamoja na Mayowa na kuteketea katika moto anaouwasha Wakatakeru. Waandishi hawakuwa wakinakili kumbukumbu moja. Walikuwa na masimulizi kadhaa, na kila mmoja alichagua.

Uchaguzi huo unadhihirika zaidi katika kisa cha nguruwe mwitu. Katika Kojiki, mfalme anampiga mshale nguruwe mlimani Katsuragi. Nguruwe anamrukia akinguruma, na mfalme anaparamia mti na kutunga wimbo kuhusu woga wake. Katika Nihon Shoki, anayeparamia mti ni mtumishi. Mfalme anasimama imara, anampiga nguruwe mshale na kumwua kwa teke, kisha anataka mtumishi auawe. Wimbo ni karibu ule ule, ila sasa ni kilio cha mtu anayengojea kuuawa, na ni malkia anayemwombea asamehewe. Wimbo mmoja umehamishwa kinywa. Hapana shaka wimbo ulikuwapo kwanza, na kisa kikajengwa kuuzunguka. Kinachovutia ni kwamba kitabu kilichomwondolea mfalme woga kimemwongezea ukatili, pengine bila kukusudia.

Wosia wake nao ni funzo kwa anayedhani kwamba nukuu ni ushahidi. Maneno ya kufa ambayo Nihon Shoki kinampa mwaka wa 479 yamechukuliwa kwa kiasi kikubwa kutoka kwenye wosia wa mfalme Wen wa nasaba ya Sui, aliyefariki mwaka wa 604. Waandishi hawakuona haya kufanya hivyo, kwani kwao mfalme mkuu alistahili kufa kwa lugha ya wafalme wakuu.

Kuna taarifa moja fupi ambayo wasomaji wengi huipita. Nihon Shoki, baada ya kueleza kwamba mfalme aliua wengi kwa pupa, kinasema kwamba aliowapenda walikuwa wawili tu, Ao wa Musa na Hakatoko wa Hinokuma. Hao walikuwa waandishi, wa koo zilizohamia kutoka ng'ambo. Ndio aliowatuma kusini mwa China, na wakarudi na mafundi wa kusuka na kushona. Aliyewaua ndugu zake aliwaamini wageni waliojua kuandika. Inaelekea hawakuwa na ukoo wa kukidai kiti chake.

Upande wa pili wa sura yake unaonekana katika kisa cha Akaiko. Mfalme alimkuta binti huyu akifua nguo mtoni Miwa, akamwambia asiolewe, kwani atamwita. Akaiko alingoja miaka 80. Mwishowe, akiwa kikongwe, alikwenda kwenye jumba na zawadi, si kwa kutaka kuolewa, bali ajulikane kwamba alingoja. Mfalme alikuwa amesahau kabisa. Alishtuka, akatunga nyimbo, akampa zawadi nyingi, na machozi ya bibi yakailowesha mikono ya vazi lake jekundu. Hesabu haiwiani na utawala wa miaka 23, lakini kisa hakikutungwa kwa ajili ya hesabu. Kinachosemwa ni kwamba neno dogo la mwenye enzi lilitosha kuyameza maisha ya mtu mzima.

Ukikisoma kisa hicho kwanza, utungo wa ufunguzi wa Man'yoshu haubaki mwepesi tena. Humo mfalme anamwona binti akichuma majani kilimani, anausifu ukapu wake, anamwuliza jina na kwao, kisha anatangaza kwamba nchi yote ya Yamato ni yake. Wataalamu wengi wanauona kuwa wimbo wa jamii wa majira ya kuchipua uliotiwa jina la mfalme baadaye. Lakini mbona jina hili? Ni dhahiri kwamba katika karne ya 8 Yuryaku alihesabiwa kuwa mwanzo wa mambo. Man'yoshu inaanza naye. Nihon Ryoiki, mkusanyiko wa visa vya Kibudha wa mwanzoni mwa karne ya 9, unaanza na kisa cha zama zake. Na kwa mujibu wa uchunguzi wa lugha na kalenda, juzuu lake, la 14, linaelekea kuwa miongoni mwa yale ya Nihon Shoki yaliyoandikwa mapema zaidi.

Linabaki suala la kwa nini jumba la kifalme lilihifadhi uovu wa mfalme wake. Jibu la kawaida ni kwamba ukoo wa Yuryaku upande wa wanaume ulikatika, na kwa desturi ya Kichina nasaba inayokatika yapaswa kuwa na mwovu ndani yake. Jibu hili lina ukweli, lakini halitoshi. Yuryaku alimuua pia binamu yake Ichinobe no Oshiha, akimlaghai kwenda naye mawindoni. Wana wawili wa marehemu walitoroka, wakaishi Harima kama watumishi, na hatimaye wakatawala kwa jina la Kenzo na Ninken. Ninken alimwoa binti wa Yuryaku, ambaye baba yake alikuwa amekataa kumtambua hadi aliposhawishiwa na mkuu mmoja wa ukoo wa Monobe. Kutokana na ndoa hiyo alizaliwa Tashiraka, mama wa mfalme Kinmei, babu wa wafalme walioamuru vitabu hivi viandikwe. Waliosoma habari za mauaji yale mwaka wa 720 walikuwa wajukuu wa muuaji na wa aliyeuawa kwa pamoja. Hawakuweza kumtukuza mmoja bila kumtusi mwingine, wala kumlaani mmoja bila kujilaani.

Kojiki kinalijua jambo hili vizuri. Kenzo alipopata ufalme alitaka kulibomoa kaburi la Yuryaku ili kulipa damu ya baba yake. Ninken, aliyekuwa kaka yake, akasema kazi hiyo ataifanya mwenyewe. Alikwenda, akachimba udongo kidogo pembeni mwa kilima, akarudi. Alipoulizwa imekuwaje amemaliza upesi hivyo, alijibu kwamba aliyelala pale ni adui wa baba yao, lakini kwa upande wa ukoo naye ni baba yao, tena ni mfalme aliyeitawala nchi. Wakilibomoa lote, watu wa baadaye watawalaumu. Udongo ule mdogo ulitosha kuwa aibu yake.