Mafungo ya kiroho (Ngara na Biharamulo)

Mafungo ya kiroho ni muda ambao mtu huziacha shughuli zake na kukaa katika sala, tafakari na kimya ili nafsi itulie. Katika fukwe za Paje na Jambiani, Unguja, wageni hulipia siku kadhaa za yoga wakitafuta utulivu huohuo, na tangu mwaka 2014 Umoja wa Mataifa umeitenga Juni 21 kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga. Katika vilima vya Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, njia iliyozoeleka hupitia kanisani na msikitini.

Wilaya zote mbili zimo katika Jimbo Katoliki la Rulenge-Ngara, lililoitwa Rulenge hadi mwaka 2008, Jimbo la Kayanga lilipomegwa kutoka humo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inawataka watawa wafanye mafungo kila mwaka, na anayengojea daraja takatifu akae katika mafungo kwa siku zisizopungua 5. Waumini wa kawaida mara nyingi hutenga siku moja, hasa wakati wa Kwaresima au Majilio. Padri au sista hutoa mada, kisha kila mmoja hujitenga na Biblia yake na maongezi hukoma. Baadaye huja kitubio, kuabudu Ekaristi na Misa. Yoga huanzia kwenye pumzi na mkao wa mwili. Mafungo huanzia kwenye dhamiri. Aliyekuja na kinyongo juu ya jirani haambiwi akisahau, bali akitazame mbele ya Mungu na, akiweza, aende kupatana.

Waanglikana wa Ngara, ambao Dayosisi yao ya Kagera ina makao Murgwanza, Ngara, wamerithi mambo mengi ya Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930. Kwao utulivu huja kwa sauti: toba ya wazi, ushuhuda, nyimbo. Waislamu wanayo itikafu, kukaa msikitini kwa ibada, hasa katika kumi la mwisho la Ramadhani.

Aliyelipa suala hili la utulivu wa moyo sura ya pekee ni Christopher Mwoleka, askofu wa Rulenge kuanzia mwaka 1969 hadi 1996. Wakati wa siasa ya ujamaa alihamia kijiji cha Nyabihanga, akaishi na kulima pamoja na wanakijiji. Aliandika kwamba Utatu Mtakatifu si fumbo la kupasulia kichwa, bali ni maisha ya kuigwa: Baba, Mwana na Roho wanashirikiana katika kila kitu, basi na watu wafanye hivyo. Kwake, amani ya moyo haikutafutwa mbali na watu. Ilikuwa katika kugawana chakula, kazi na shida. Maaskofu wa Afrika Mashariki nao, katika mikutano ya 1973 na 1976 ya umoja wao, AMECEA, walizipa kipaumbele jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ambazo hadi leo hukutana kusali nyumba kwa nyumba. Katika historia yote ya mafungo huku Kagera, fikra hii ya Mwoleka ndiyo yenye uzito mkubwa zaidi, kwa kuwa inamfikia hata mama asiyeweza kuliacha shamba lake kwa wiki nzima.

Kisha ikaja Aprili 1994. Katika muda wa takribani saa 24, Wanyarwanda wapatao 250,000 waliokimbia machafuko nchini mwao walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara, na kambi ya wakimbizi ya Benaco ikafurika. Miongoni mwa waliofika kuhudumu ni Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi, lililoanzishwa na Pedro Arrupe, mkuu wa Wajesuiti, mwaka 1980. Wajesuiti wamelelewa katika Mazoezi ya Kiroho ya mwanzilishi wao, Ignasi wa Loyola, ambayo kwa ukamilifu wake huchukua siku 30 za kimya. Kambini kimya cha namna hiyo hakikuwepo. Palikuwa na moshi wa kuni, foleni za maji na watu waliopotezana na ndugu zao. Mwaka 1995 shirika hilo lilianzisha Radio Kwizera mjini Ngara, ikawatangazia wakimbizi na wenyeji kwa pamoja.